Mwandishi anapoingia darasani: somo kwa shule zetu za sekondari

Kila mwezi wa Septemba, masomo yanapoanza, wazazi huhesabu minervali, iniformu, kaye na biki. Kitabu cha kusoma hakimo katika hesabu. Katika shule nyingi za sekondari za Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, kitabu kiko mkononi mwa mwalimu peke yake: yeye anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Kijana anaweza kumaliza sekondari bila kusoma riwaya moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Tangu M23 ilipochukua Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, maisha ya shule yamekuwa magumu zaidi. Mtu anayezungumzia riwaya wakati kama huu anaweza kuonekana hana haya. Lakini ndugu wasomaji, jambo hili linagusa namna watoto wetu watakavyoyaelewa yale wanayoyapitia. Kwa hiyo tulitazame.

Nchini Ufaransa kuna tuzo inayoitwa Goncourt des lycéens. Ilianzishwa mwaka 1988 mjini Rennes na duka la Fnac pamoja na viongozi wa elimu wa eneo hilo. Tuzo ya Goncourt yenyewe ni ya zamani, na wanaoitoa ni waandishi. Hii ya pili inatolewa na wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi karibu 2,000, kutoka madarasa kama 50, wanapewa riwaya zilizo kwenye orodha ya Goncourt ya mwaka huo, kama 15 hivi, na wana miezi miwili ya kuzisoma. Si madarasa ya fasihi tu. Wamo pia wanaojifunza ufundi. Kisha wanakutana na waandishi na kuwauliza maswali. Mwishoni kila darasa linachagua, wajumbe wanajadiliana, na riwaya moja inashinda.

Mambo mawili yanaipa kazi hii nguvu. Kwanza, kusoma kunatangulia ziara. Mwandishi hafiki kutoa hotuba kwa watoto wasiojua aliandika nini. Anakuta vijana waliokwisha kumsoma, wengine hawakumpenda, na wanamwambia. Pili, mwanafunzi ana kura. Hasomi kwa ajili ya pointi tu. Anasoma kwa sababu ana neno la kusema, na neno lake litahesabiwa.

Yatuhusu nini sisi? Tutazame vitabu ambavyo vijana wale walivichagua.

Mwaka 2000 walichagua Allah n'est pas obligé cha Ahmadou Kourouma, mwandishi wa Kodivaa. Kinamhusu Birahima, mtoto yatima anayeenda kumtafuta shangazi yake na kuwa askari mtoto katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Kourouma alikitoa kitabu hicho kwa watoto wa Djibouti, akieleza kwamba wao ndio waliomwomba akiandike. Yaani watoto walikutana na mwandishi, wakamwomba aandike juu ya vita, naye akaandika. Halafu wanafunzi wa nchi nyingine wakakisoma na kukichagua. Hapa kwetu, ambako watoto wameingizwa katika makundi ya silaha kwa miaka karibu 30, ni wangapi wamekisikia kitabu hicho?

Mwaka 2016 walichagua Petit Pays cha Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Ni hadithi ya mtoto wa Bujumbura anayeona vita vikiingia nyumbani, shuleni na katika kundi la rafiki zake. Hata Bukavu imo ndani yake. Na katikati ya hofu ile, mama mmoja jirani anamwazima mtoto huyo vitabu, kimoja baada ya kingine. Uvira na Bujumbura zinatazamana, lakini kwa kijana wa Uvira kitabu hiki kiko mbali kuliko Paris.

Mwaka 2020 walichagua Les Impatientes cha Djaïli Amadou Amal wa Kamerun, juu ya wanawake watatu, ndoa za kulazimishwa na wajibu wa kuvumilia kila kitu. Yeye mwenyewe aliozwa kwa nguvu akiwa na miaka 17. Kabla ya kusomwa Ufaransa, kitabu chake kilikuwa kimetoka Yaoundé mwaka 2017 kwa jina lingine. Hakikuanza Ulaya.

Wazee wengine wa kanisa watasema riwaya ni vitabu vya dunia. Hoja yao si ya kudharauliwa. Kitabu cha Kourouma kimejaa matusi, na kile cha Amal kinaonyesha ukatili wa chumbani. Si vitabu vya kumtupia mtoto wa miaka 12 na kuondoka. Vinafaa madarasa ya juu, mwalimu akiwa pamoja nao, na wazazi wakijulishwa mapema. Lakini tukumbuke kwamba nabii Natani hakumwendea Daudi na sheria mkononi. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, na mfalme akakasirika kwa ajili ya mtu mwingine kabla ya kujitambua mwenyewe. Riwaya nzuri hufanya kazi kama hiyo. Katika eneo ambalo mtoto hufundishwa mapema ni kabila gani la kuogopa, saa chache za kuishi ndani ya moyo wa mtoto wa upande wa pili si mchezo.

Wengine watasema mtihani wa Serikali hauulizi riwaya. Ni kweli, sehemu kubwa ni kuchagua jibu. Lakini katika hors-session mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa, na hapo ndipo aliyenakili ubaoni miaka yote anakosa maneno.

Tusijidanganye: hatuna Fnac ya kutugawia vitabu. Lakini tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, jumuiya zetu zinasimamia shule nyingi, na karibu na kila shule kuna parokia. Shule tatu za mji mmoja zinaweza kuchagua riwaya mbili tu kwa mwaka. Nakala tano zinatosha darasa la wanafunzi 40, wakigawanyika katika vikundi vya wanane na mmoja akisoma kwa sauti. Yafaa moja ya riwaya hizo iwe ya Kiswahili, ili Kifaransa kisiwe mlango pekee wa kuingilia. Parokia inaweza kutunza vitabu kabatini na kutoa ukumbi Jumamosi.

Mwandishi naye si lazima atoke mbali. Kuna walimu walioandika, waandishi wa habari, wachungaji walioandika historia ya makanisa yao. Aliye mbali anaweza kutuma jibu la sauti kwa WhatsApp, darasa likasikiliza kwa simu moja. Sharti ni moja, na tusilivunje: asialikwe mtu kabla wanafunzi hawajamsoma na kuandika maswali yao wenyewe, si ya mwalimu. Kisha wapige kura, na wajumbe wa shule hizo wakutane na kutetea chaguo lao mbele ya wazazi.

Kamati za wazazi hukutana kila mwanzo wa mwaka kupanga michango. Mara ijayo, mzazi mmoja ainue mkono na kumwuliza prefe wa masomo: mwaka huu watoto wetu watasoma kitabu gani chote, hadi ukurasa wa mwisho?