RAFU YA VITABU: Kila Mwamba Ngoma Huvutia Kwake



Katika mazungumzo ya baada ya hitima na arusi, huwasikia mara kwa mara wazee wenzetu wakisema kuwa riwaya ni porojo za kupotezea wakati, na kwamba mtu mzima akitaka kusoma, na asome kumbukumbu za watu waliokuwapo, kwani humo ndimo ulimo ukweli. Kauli hiyo hatuipuuzi, wala hatuikubali yote. Mwezi huu tumeonelea tuitie mizanini, kwa kuvisoma vitabu viwili viwili: kumbukumbu moja na riwaya moja, zilizotazama jambo lile lile kutoka pande mbili.

Tuanze na safari za bara. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lugha, kitabu hiki ni hazina. Sentensi zake ni fupi na kavu, kama mtu anayetoa hesabu dukani: pembe kiasi kadhaa, deni kiasi kadhaa, fulani tulimpiga, fulani tulipatana naye. Mwandishi haombi radhi wala hajutii. Lakini msomaji akifika mwisho, ajiulize: wale mamia waliobeba pembe vichwani, na wale waliofungwa minyororo, wamesema nini katika kitabu hiki? Hawakusema neno. Mwenye kalamu alikuwa mbele ya msafara, na wao walikuwa nyuma.

Sasa tufungue *Paradise*, riwaya aliyoitoa Abdulrazak Gurnah mwaka 1994. Humo msafara ni ule ule wa kwenda bara, ila macho ni ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Mtoto humwita tajiri yule ami, naye si ami yake. Yeye ni rehani. Yusuf hakupata kuishi duniani, lakini watoto wa namna yake waliishi wengi, na ni wachache mno walioletewa karatasi na wino waandike. Kwa hivyo riwaya imefanya kazi ambayo kumbukumbu haikuiweza: imempa ulimi asiyekuwa nao.

Jozi ya pili ina uchungu zaidi, na twaiandika kwa tahadhari. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1886. Wapo jamaa zetu wasiotaka kitabu hicho kiingie nyumbani mwao, kwa kuwa mwandishi aliiacha dini ya wazee wake akaolewa na Mjerumani. Hisia hiyo twaifahamu. Hata hivyo, ni wachache walioeleza kwa undani kama wake jinsi jumba la Mtoni lilivyoamka asubuhi, sikukuu zilivyoadhimishwa, na wanawake walivyozungumza wakiwa peke yao. Anasimulia kuwa mabinti hawakufundishwa kuandika, hivyo alijifunza kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwalimu yeyote akiisoma habari hiyo lazima amvulie kofia mtoto yule.

Lakini mwandishi huyo huyo, akifika kwenye utumwa, huutetea. Huona kuwa watumwa wa nyumbani kwao walitunzwa vyema, na kwamba Wazungu hawafahamu mambo. Haoni, kwa kuwa hakupata kulala chini sakafuni akisubiri kuitwa. Ndipo inapofaa kukitwaa *Kasri ya Mwinyi Fuad*, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1978. Humo yumo Kijakazi, mwanamke anayemtumikia bwana wake mpaka mwili unamwisha, na huku bado anaamini kuwa ndivyo Mungu alivyopanga. Upande wa kasri ambao binti wa kifalme hakuutazama, Kijakazi anatuonesha.

Riwaya hiyo nayo ina aibu yake, na hatutaificha. Bwana Fuad hana hata chembe ya wema. Ameumbwa ili achukiwe. Mapinduzi ya Januari 1964 yanaingia humo kama mapambazuko matupu, na miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliopoteza wazazi na nyumba katika siku zile. Kwao kitabu hicho ni kama chumvi juu ya kidonda. Wamo pia ambao bibi zao walikuwa akina Kijakazi, na kwao sifa za majumba ya kale ndizo chumvi. Hapa ugenini tunakaa safu moja msikitini, na watoto wetu wanaoana, lakini kila nyumba ina rafu yake na kila rafu ina kitabu kinachoipendeza nyumba hiyo. Rai yetu ni kwamba muazimane. Nyumba yenye kitabu cha Salme ikiazime cha Adam Shafi, na yenye cha Adam Shafi ikiazime cha Salme. Hatusemi mtapatana. Twasema mtajua jirani analilia nini.

Basi wazee wetu wamekosea? Nusu. Kumbukumbu ina shahidi, lakini shahidi huyo ndiye pia wakili wa nafsi yake. Riwaya haina shahidi, lakini mwandishi wake akiwa mwaminifu hulazimika kumsikiliza hata asiyempenda. Walio bora ni wale waliojua kazi zote mbili. Shaaban Robert aliandika *Maisha Yangu*, akaandika pia *Wasifu wa Siti binti Saad*, habari za mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kuvuka bahari. Kwa maoni yetu, cha Siti ndicho kilicho kizuri zaidi. Alipojieleza mwenyewe, Shaaban alitaka tumheshimu. Alipomweleza Siti, alitaka tumpende, na tukampenda.

Kwa wanaotaka kusoma bila ya kujipa mzigo, yupo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, bado kinamfanya mtu akose usingizi. Wengine humwita Bwana Msa kivuli cha Sherlock Holmes. Na awe kivuli. Anazungumza Kiswahili cha Unguja ambacho watoto wetu hapa Uingereza hawakisikii tena, na kila watu wanapoogopa mashetani, yeye humtafuta binadamu aliyefanya.

Tumewataja watoto, na hapo ndipo penye dhamana kubwa. Salme alieleza kuwa alianza kuandika ili wanawe wapate kujua mama yao katoka wapi. Aliwaandikia kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Mama alibadili ulimi ili wanawe wamsikie. Sisi nasi tumo katika mtihani huo huo: kijana akielewa Kiswahili cha jikoni, cha kitabuni kinampiga chenga.

Njia moja imefunguka. Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyesomesha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata *Paradise* ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa hivyo mama aweza kusoma *Peponi* na binti yake *Paradise*, kila mmoja kwa lugha inayomwia nyepesi, kisha jioni wakazungumza juu ya Yusuf. Twawashauri mjaribu sura moja kwa wiki. Mkianza kubishana kama baba yake Yusuf alikuwa na njia nyingine, jueni kitabu kimefanya kazi yake.

Na la mwisho: msitupe barua. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake kuanzia mwaka 1931 zilikuwa barua za nyumbani, za salamu, kazi na maradhi. Mwaka 2002 zikatoka kitabu. Katika masanduku yenu, chini ya kanga na hati za kusafiria zilizokwisha muda, mna maandishi ya namna hiyo. Yatieni tarehe, andikeni nani kaandika na kwa nani, na wafundisheni watoto kuyasoma. Wasipoyasoma wao, habari zetu zitakuja kuandikwa na mtu mwingine, na ngoma atavutia kwake.

Tukijaaliwa, mwezi ujao tutazungumza juu ya *Vuta N'kuvute*, riwaya na filamu yake. Wasalaam.