Pilau Tuliyoimwaga



Mnakumbuka sherehe ya kufunga muhula? Pilau ilinoga, watu wakala wakashiba. Wengi hamkuona kilichofuata. Masinia mawili mazima yalimwagwa kwenye mifuko ya taka, na aliyesema yamwagwe ni mimi. Chakula kilikuwa kimekaa mezani tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Mimi ni nesi. Wali uliokaa nje hivyo unaweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto.

Nikiwa nafunga mfuko, mzazi mmoja aliniambia polepole, "Mwalimu, wiki hii sisi tumekula kwa benki ya chakula." Amenikubalia niliandike hili bila jina.

Kwa hiyo kosa letu lilianza kabla ya kumwaga: tulipika bila hesabu, kisha tukakisahau chakula mezani.

Tunapenda kulaumu maduka makubwa, na lawama yao wanayo. Lakini hapa Uingereza zaidi ya nusu ya chakula kinachotupwa hutoka majumbani. Chakula cha madukani angalau kina wa kukifuata. Hapa London, shirika la The Felix Project lilianza mwaka 2016 kukusanya chakula kizuri kilichobaki kwa wauzaji na kukipeleka mashuleni na kwenye vikundi vya misaada. Sufuria zetu hazifuatwi na gari lolote, na benki nyingi za chakula hazipokei kilichopikwa nyumbani. Tusipogawana wenyewe, kitaishia kwenye taka.

Na kugawana tunakujua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na kiporo kwa chai ya asubuhi hakikumwaibisha mtu.

Napendekeza hivi kwa sherehe ijayo. Kwanza, tuandikishe idadi ya watu wiki moja kabla. Pili, kila familia ije na kopo lenye mfuniko. Nusu saa baada ya kupakua, kilichobaki kigawiwe na makopo yaingie kwenye friji ya ukumbi mpaka tunapoondoka. Tatu, wali huo uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke.

Najua wapo watakaosema kubeba chakula ni ulafi. Ndiyo maana nasema kila familia, hata yenye friji iliyojaa. Wote tukibeba, hakuna atakayejua nani alikuwa na shida.

Watoto, kazi yenu wiki hii ni kusoma pakiti za nyumbani. Penye "use by", tarehe ikipita msile. Penye "best before", mwambieni mama au baba aangalie na kunusa kwanza kabla ya kutupa.

Orodha ya majina nitaibandika mlangoni Jumamosi. Andikeni idadi ya kweli, tafadhali.