Wenye Madini na Wenye Kipimo



Kila mkaaji wa Lubumbashi, awe wa Kamalondo, Katuba au Ruashi, anakijua kilima cheusi kilicho karibu na bomba refu la moshi la Gécamines. Ni mabaki ya shaba iliyoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa takataka. Kumbe ndani yake mna kobalti, zinki na jemaniamu; na jemaniamu ndiyo waliyoitumia wanafizikia wa Marekani mwaka 1947 kuunda transista ya kwanza, ambayo uzao wake umo leo katika kila simu. Kilichowapa watu macho ya kuona mali katika mabaki hayo ni elimu.

Twasema haya kwa sababu ya swali linalosikika katika jamaa zetu kila kijana anapomaliza sekondari: “Ukisoma fizikia, utafanya nini?” Wengi hujibu upesi kwamba atashika chaki na kufa maskini. Basi kijana mwenye kipaji cha hesabu husukumwa kwenye masomo asiyoyapenda. Sisi twaona kwamba jibu hilo lamdhuru kijana, na laidhuru nchi zaidi.

Historia yetu yatufundisha. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, palichimbwa urani yenye utajiri usio na mfano wakati ule. Katika miaka ya 1920, radiamu iliyopatikana katika mawe yake iliwatibu wagonjwa wa saratani huko Ulaya. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, na sehemu kubwa ya urani ya mpango wa bomu la Marekani ilitoka Katanga. Mwaka 1945 Hiroshima iliteketea. Waliochimba hawakuambiwa mawe yao yanakwenda kufanya kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la madini ni sayansi.

Hata hivyo mlango ulifunguka kidogo. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, kiliwashwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Aliyekipigania ni rekta wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, padri na mwanafizikia. Nchi iliyotoa jiwe ikaanza kufundishwa siri ya jiwe. Mwanzo huo haukutosha, lakini njia ilionekana.

Njia hiyo ipo hata kwetu, katika Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Yafikisha wapi? Mwenye kufuata geofizikia hupima mvuto, usumaku na mitetemo ya ardhi, akatafuta madini na maji kabla shimo halijachimbwa. Mwingine huhitajiwa hospitalini, kwa maana mionzi ikizidi huunguza na ikipungua haiponyi. Lazima awepo wa kuikadiria. Tukumbuke kwamba kobalti, metali ile ile ichimbwayo Kolwezi, ikiisha kupigwa na nyutroni ndani ya kinu, hutoa mionzi iliyoanza kutibu saratani nchini Kanada mwaka 1951. Wengine huingia katika kazi ya umeme, iwe wa mabwawa ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba, au wa jua. Wengine huwalinda wachimbaji kwa kupima mionzi ya mawe wanayoyabeba mgongoni. Na yule mwenye chaki tusimdharau: bila yeye hapatakuwa na hao wote.

Hatutaki kuwadanganya. Karo ni nzito, vyombo vya maabara ni vichache, na mwaka wa kwanza ni hesabu juu ya hesabu. Mshahara wa mwalimu haulingani na kazi yake, na hilo ni deni la taifa. Anayeingia aingie akijua hayo. Aimarishe hesabu mapema, ajifunze Kiingereza pamoja na Kifaransa, azoee kompyuta, naye aulize tangu mwanzo ni tawi gani litamfikisha kwenye kazi anayoitamani.

Wako pia wanaoogopa kwamba fizikia itawaondolea imani. Wamtazame Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na profesa wa Leuven. Mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka, na baadaye kwamba ulianza kama chembe moja. Hakupenda nadharia yake itumiwe kuwa uthibitisho wa habari ya uumbaji: aliiacha sayansi ifanye kazi yake, naye akaendelea kuadhimisha Misa.

Twaziomba basi jumuiya za vijana za parokia zetu zifanye jambo moja mwaka huu. Kila jumuiya imtafute mwanafunzi au mhitimu mmoja wa fizikia, akae jioni moja kila juma na wale wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali, wafanye hesabu pamoja. Haihitaji fedha nyingi. Yahitaji meza, ubao na subira. Wazazi nao, kabla ya kumwambia mtoto kwamba fizikia haina faida, wamwache kwanza asikilize.