Acheni Kusambaza, Anzeni Kusimulia



Leo sitawabembeleza. Ujumbe huu umenichoma mimi kwanza, kwa hivyo usome hadi mwisho.

Nje ya lango la kanisa letu kuna mama mboga. Mnamjua. Jumapili tukitoka ibada tunajazana kwake kununua sukuma wiki na nyanya. Juzi Jumanne nilipita nikamkuta amenyamaza. Nikamuuliza, "Mama, kuko sawa?" Akaniambia mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea kama wake, walimzika mwezi uliopita. Nikampa pole. Kisha, kwa ile sauti yetu ya wachungaji, nikamwambia kwamba tumefundisha wiki 4 nzima juu ya faraja wakati wa msiba, na mafundisho yote niliyaweka mtandaoni.

Akanionyesha simu yake. Kabambe.

Akasema, "Pasta, hii haina intaneti. Watu wako hununua kwangu kila Jumapili, na hakuna hata mmoja amewahi kuniambia mmefundishwa nini. Mimi husikia spika tu. Maneno hayafiki hapa."

Maneno hayafiki hapa! Kutoka mimbarini hadi kwenye meza yake hata hatua 100 hazifiki. Usiku huo chakula hakikushuka.

Somo hilo la faraja lilipata "Amina" nyingi. Mliliweka kwenye stetasi. Mliwatumia ndugu zetu walio kazini Saudi Arabia na Qatar, na hilo ni jema. Lakini halikuvuka barabara. Na mimi niliyelifundisha nilikuwa nanunua nyanya kwa mfiwa bila kujua amefiwa.

Mpendwa, kusambaza si kushuhudia. Unabonyeza mara moja, ujumbe unaenda kwa watu 200, na wewe unajihisi umefanya kazi ya Bwana. Wengine ndio mnatuma zile za "tuma kwa watu 10 kabla ya saa sita usiku upokee muujiza, ukipuuza utapata hasara." Niseme wazi: huo ni uganga uliovalishwa aya. Mungu wetu hatishi watu kwa bando za intaneti.

Najua mtakachosema. "Pasta, hiyo ni kazi yako, wewe ndiwe uliyeenda chuo cha Biblia." Fungua Matendo 8. Mateso yalipokuja, waliotawanyika walikuwa waumini wa kawaida. Mitume walibaki Yerusalemu (mstari wa 1). Na ni hao waliotawanyika waliokwenda wakilihubiri neno (mstari wa 4). Soma pia sura ya 11. Waliowapelekea Wayunani wa Antiokia habari za Bwana Yesu walikuwa watu wa Kipro na Kirene, na hata majina yao hatukuambiwa. Huko Antiokia ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Jina unalojivunia lilianza mahali ambapo watu wasio na cheo walifungua midomo yao.

Wengine mtasema, "Sijui maandiko vizuri." Yule mtu wa Marko 5, aliyetolewa pepo, alijua maandiko mangapi? Aliomba aandamane na Yesu. Yesu akamkatalia, akamtuma nyumbani kwa watu wake akawaeleze aliyotendewa. Hakupewa mimbari wala kipaza sauti. Alipewa njia ya kurudi kwao.

Niseme sababu ya kweli inayotufanya tusambaze badala ya kusimulia? Tunaogopa kuulizwa. Ukituma somo la msamaha kwenye kundi, hakuna atakayekuuliza kitu. Lakini ukimsimulia jirani yako somo hilo mkianua nguo, ana haki ya kukuuliza, "Na wewe na mama mkwe wako mlipatana?" Simu inatuficha. Mdomo unatuanika. Ndiyo maana tunapenda simu.

Simaanishi upande matatu upige kelele hadi abiria washuke. Simaanishi uache kazi ya mwajiri uhubiri kwa saa anazokulipa. Wala usimfundishe mtu somo ambalo halijakugusa wewe. Anza hapo ulipoguswa. Mwambie mwenzako, "Wiki hii Mungu amenionyesha kwamba nina kinyongo, na bado napambana nacho." Hilo linatosha. Kisha nyamaza, umsikilize naye.

Alhamisi nilirudi kwa yule mama. Nilikaa juu ya kreti, simu mfukoni. Sikumrudishia mahubiri ya wiki 4. Nilimsimulia tu Yesu akilia katika msiba wa Lazaro. Akafikiri, akauliza, "Kama alijua atamfufua, mbona alilia?"

Wapendwa, swali hilo halikuwa katika mahubiri yangu yote 4. Nikamwambia, "Mama, nadhani ni kwa sababu aliwapenda, na wao walikuwa wanaumia." Akalia. Nami nikalia, wateja wakipita. Nilienda kumpa somo, nikarudi nimefundishwa.

Sasa kazi yako. Kabla ya Jumapili, chagua mtu mmoja unayemjua kwa jina: mlinzi wa ploti, mwenzako wa chama, mtoto wako mwenyewe jioni mkila. Msimulie jambo moja ambalo Mungu amekufundisha mwaka huu. Kwa mdomo wako. Ukikosa hata jambo moja la kusimulia, basi shida si mdomo, ni moyo. Piga magoti kwanza.

Na tafadhali, usiandike "Amina" hapa chini, wala usiusambaze ujumbe huu. Weka simu chini, uvuke barabara.

Bwana awatie ujasiri.

Mchungaji wenu.