Nani Anamwangalia Mtoto?



Kabla jua halijachomoza matatu za kwenda Kisumu mjini zimekwisha jaa hapa Otonglo. Baba yumo, na mama yumo. Nyumbani amebaki nani? Mara nyingi ni msichana wa miaka minane, amekabidhiwa mdogo wake wa miaka miwili, jiko lenye moto, na barabara ya Busia ipitayo malori karibu na mlango.

Likitokea jambo, watu husema, "Mama yake mzembe." Sisi twakataa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Shule ya chekechea humpokea mtoto akifika miaka 4. Hiyo miaka ya katikati ni ya nani? Nayo ndiyo miaka ya kutambaa na kutia kila kitu kinywani.

Hata hivyo, tuseme kweli, yako mambo yasiyomngojea mwajiri. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda; mtoto haoni mafuta, aona soda. Akiyanywa usimtapishe, maana yakirudi huingia mapafuni. Mpeleke hospitali upesi. Akiungua, mmwagie maji baridi yaliyo safi kwa dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno. Ndoo ifunikwe: ziwa twaliogopa sote, lakini mtoto mdogo hufa maji hata katika beseni. Na akina baba wenzetu, kumshika mtoto siku ya mapumziko si aibu.

Lakini kifuniko cha ndoo hakishiki mahali pa mtu mzima. Huko Bangladesh vijiji vilifungua vituo vya watoto wa miaka 1 hadi 5, toka saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wakati mama wana kazi nyingi. Vifo vya kuzama vikapungua sana. Shirika la Afya Duniani sasa lashauri jambo hilo kwa nchi nyingine. Vijiji vile si vya matajiri.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea. Sisi tudai kituo cha watoto katika mapatano yajayo, na huku tuanze wenyewe: chumba kimoja, ua wenye lango, na mama wawili walipwao kwa mchango wetu. Shauri hili litakuwa la kwanza katika mkutano wa tawi, kabla ya hesabu. Kila mwanachama aje na mwenzake wa nyumbani.