Anza na pawa saplai, kadi itangoja

Wasee, nitukaneni baadaye. Kila wiki kijana wa Kitale au Bungoma ananitumia orodha ya kompyuta ya karibu laki tatu: kadi ya RTX 4080, prosesa ya nguvu, taa za rangi kila kona. Nikiuliza pawa saplai, jibu ni moja: "Hiyo nitaokota yoyote Luthuli." Yoyote? Kadi hiyo peke yake hula hadi wati 320, na Nvidia wenyewe wanashauri saplai ya wati 750.

Mimi nilijifunza kwa machozi. Nilipoacha chuo, mathe aliuza mahindi ndio niunde mashine ya kuhariri video. Nikanunua saplai ya 1,500 iliyoandikwa wati 600. Mvua ikanyesha, stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu. Mazabodi kwisha, diski kwisha, na ndani yake harusi ya mteja wa Bungoma. Jaribu kumwambia bibi harusi arudie! Fundi aliponipa ile saplai mkononi, ilikuwa nyepesi kama sanduku tupu.

Na hiyo stika ya 80 Plus isiwadanganye. Inapima umeme unaopotea kuwa joto, basi. Haikuahidi kukukinga.

Kwa hivyo shuka hadi 4070. Pesa inayobaki nunua saplai nzuri yenye waranti ya miaka, na UPS ya kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Taa ni za mwaka ujao. Mimi bado namlipa mathe mahindi yake.