Gesi kupandishwa Dodoma: Kompresa ya bei rahisi inaweza kuwa ghali

Dodoma. Bomba kubwa la gesi asilia kutoka Mtwara, lililozinduliwa Oktoba 2015, linaishia Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, na dereva wa bajaji wa makao makuu bado anasubiri kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA itangaze bei ya petroli.

Gesi ije kwa lori au siku moja kwa bomba, kitu kimoja hakikwepeki: kompresa. Ili ijae kwenye mitungi ya lori, lazima ishindiliwe hadi baa 200 hivi. Bombani nako msuguano hula presha njiani. Bomba la Mtwara hupitisha hadi futi za ujazo milioni 784 kwa siku bila kompresa. Ikitakiwa zaidi, mashine zifungwe.

Mashine zenyewe ziko za aina mbili. Za mwendo kasi huzunguka mara 1,000 hadi 1,800 kwa dakika. Ni ndogo, bei ya kununulia iko chini na hufungwa haraka. Za taratibu huzunguka mara 250 hadi 400 hivi.

Faida ya taratibu iko wapi? Valvu hufunguka na kufunga mara chache, hivyo hudumu. Gesi hupita bila kubanwa sana, hivyo nishati inayopotea ni kidogo. Huko Marekani, baadhi ya zilizofungwa kabla ya 1970 bado zinapiga kazi.

Kasoro zipo. Ni nzito, zinataka msingi mkubwa wa zege na mtaji mnene. Kwa kituo kidogo cha mjini, mwendo kasi unatosha. Kwa kituo cha bomba kuu kinachofanya kazi usiku na mchana kwa miaka 30, hesabu hugeuka.

Dodoma pia iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inaweza kupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Lazima hilo lihesabiwe mapema.

Bei ya mashine hulipwa mara moja. Nishati, valvu na siku za kusimama hulipwa kila mwaka, na mwisho wa siku zinaingia kwenye bei ya gesi. Zabuni ikiangalia bei ya kununulia tu, tofauti atailipa mwenye bajaji.